Tamasha la injili kwenye skrini: watazame wanaosikiliza

Wapenzi wa muziki wana kauli wanayoipenda: tamasha ni la kwenda mwenyewe, video ni makombo. Kwa muziki mwingi wako sahihi. Nani atabisha kwamba taarabu ya ukumbini, watu wakipishana kwenda kutunza, si sawa na taarabu ya kwenye simu? Lakini upo muziki mmoja ambao kwangu mimi mambo hugeuka, nao ni injili ya Kusini mwa Marekani: ile ya waimbaji wanne na piano, yenye besi anayeshuka hadi chini kabisa na nyimbo zinazomalizika mara tatu kabla hazijaisha kweli. Tamasha la muziki huu likirekodiwa na watu wanaojua kazi yao humpa mtazamaji kitu ambacho mwenye tiketi ya mstari wa ishirini hakipati. Humpa nyuso za wanaosikiliza.

Nazungumzia hasa mfululizo wa video za Homecoming, yaani kurudi nyumbani, za Bill Gaither na mkewe Gloria. Aliyewahi kuziona atakumbuka mpangilio wake. Hakuna jukwaa upande huu na watu upande ule. Waimbaji wenyewe, makumi yao, wameketi kwa mistari kuzunguka piano kama kwaya iliyo mazoezini. Zamu ya mtu ikifika anainuka, au anapokezwa maikrofoni hapohapo alipo. Waliobaki vitini wanaitikia, wanacheka, wanafuta macho. Na hao walioketi si watu wa kujaza viti. Ni mafundi. Wanajua pumzi inavutwa wapi, na noti ipi ndiyo ya hatari. Kamera inapomwacha mwimbaji na kumfuata mzee wa mstari wa tatu, anayetikisa kichwa kwa sababu kijana amefika pale alipohofia hatafika, mtazamaji ameelezwa ubora wa uimbaji ule bila mtu kutamka neno. Hakuna mchambuzi wa muziki anayeweza kushindana na kichwa kile.

Mpangilio huu haukubuniwa na mtu mezani. Februari 1991 Gaither, mtunzi kutoka mji mdogo wa Alexandria huko Indiana, aliyekuwa na miaka 54 wakati huo, aliwaita wazee wa muziki huu katika studio jijini Nashville. Alitaka washirikiane na kundi lake, Gaither Vocal Band, katika wimbo mmoja tu wa albamu. Wakaja Jake Hess na Hovie Lister, waliowika na kundi la Statesmen; James Blackwood wa Blackwood Brothers; Howard na Vestal Goodman; Glen Payne na besi George Younce wa Cathedrals; na wengine wa rika lao. Baadhi walikuwa wamebaki majina kwenye kumbukumbu za watu wazima, redio zilishawapita. Wimbo ukarekodiwa, kazi ikaisha. Kilichofuata ni kwamba watu hawakuondoka. Eva Mae LeFevre, aliyekuwa na miaka 73, akaketi kwenye piano, wakaanza kukumbushana nyimbo, hadithi za safari, utani wa zamani na maombi. Kamera zilikuwepo kwa ajili ya kipande kifupi cha video, na kwa bahati zilikuwa bado zinafanya kazi.

Kwa hiyo kanda ya kwanza haikuwa na hadhira kabisa, na mimi nadhani hiyo ndiyo siri yake. Hawakuwa wakimfurahisha mtu aliyelipa kiingilio. Walikuwa wakiimbiana. Mtazamaji wa nyumbani alikaribishwa kama jirani aliyepita akakuta mlango uko wazi. Baadaye mradi ukakua, ukaenda Carnegie Hall ya New York, ukumbi wa opera wa Sydney, Jerusalem, hata Johannesburg. Sipingi, kuna nyimbo nzuri mno katika video hizo za kumbi kubwa. Lakini kamera ikishaanza kuzungukia maelfu ya watu waliosimama na kupunga mikono, inaanza kunieleza namna ya kujisikia, nami naanza kuchoka. Anayetaka kuujua muziki huu aanze na zile za studio za miaka ya 1990, taa za kawaida, viti vya kawaida, wazee wamevaa masweta.

Mchukulie Jake Hess. Mtazame mdomo. Alifungua kinywa kwa upana usio wa kawaida, akaitamka kila konsonanti kana kwamba kuna karani anayeiandika, kisha kwenye mwisho wa mstari akaiachia sauti itetemeke kidogo tu, ikakatika kwa wakati wake. Elvis Presley alikuwa shabiki wake tangu ujana na hakuficha kwamba alijifunza mengi kwake. Ukishamwona Hess, baladi za Elvis huzisikii tena kwa masikio yaleyale. Elvis alipofariki mwaka 1977, Hess alikuwa miongoni mwa walioimba kwenye mazishi yake. Na hapa kuna jambo ambalo mashabiki wa roki hulisahau: tuzo zote tatu za Grammy ambazo Elvis alizishinda kwa nyimbo zake zilikuwa za muziki wa injili. Mojawapo ilitokana na albamu ya mwaka 1972 iliyobeba jina la wimbo wa huyuhuyu Gaither.

Kwenye video Hess ni mzee, afya si nzuri, sauti imepungua upana. Kwenye santuri za zamani ana nguvu zaidi. Lakini santuri haikuonyeshi jinsi Younce anavyomtazama wakati anaimba, wala jinsi Vestal Goodman, mama mwenye mwili na sauti iliyojaa chumba, anavyoanza kuinua kitambaa chake cheupe cha mkononi kabla noti yenyewe haijafika. Kitambaa kile kilikuwa alama yake nchi nzima. Ukikiona kimeanza kupanda, jua kiitikio kinarudiwa.

Na kurudia ndiyo desturi yenyewe. Wimbo unafika mwisho, watu wanapiga makofi, Gaither anatoa ishara, piano inapandisha ufunguo, kiitikio kinaanza upya. Asiyeuzoea muziki huu atasema wanarefusha. Aliyekulia kwenye ibada zetu hahitaji maelezo: wimbo ukishawaka, mwalimu wa kwaya hathubutu kuuzima. Tofauti ni kwamba wao hurudia kwa hesabu. Mara ya kwanza wote. Mara ya pili besi anaachiwa nafasi. Mara ya tatu mwimbaji wa sauti ya juu anapanda juu ya wenzake na kubaki huko. David Phelps, kijana wa Texas aliyeingia Gaither Vocal Band mwaka 1997, alijengewa nyimbo nzima kwa ajili ya upandaji huo. Binafsi namwona fundi ambaye wakati mwingine anajisikia fundi. Kwangu Younce ana utamu zaidi: anashuka polepole, huku anatabasamu kama mtu anayejua siri, na anapofika chini haongezi nguvu.

Kuna wanaosema kamera na mauzo viliuharibu muziki uliokuwa safi, wa makanisa ya vijijini na watu wasio na tamaa. Historia haiwaungi mkono. Muziki huu ulizaliwa ukiuza kitu. Mwaka 1910 James D. Vaughan, mchapishaji wa Lawrenceburg, Tennessee, alituma kundi la wanaume wanne lizunguke makanisani likiimba nyimbo za vitabu vyake ili watu wavinunue. Kundi lilikuwa tangazo lenye sauti nne. Mwanzoni mwa miaka ya 1920 Vaughan alikuwa tayari na santuri zake na kituo chake cha redio. Baadaye kampuni ya Stamps-Baxter ya Dallas ikafanya biashara ileile kwa ukubwa zaidi. Novemba 1948 Wally Fowler akaanzisha usiku wa nyimbo kwenye ukumbi wa Ryman mjini Nashville, watu wakikesha wakisikiliza kundi baada ya kundi kwa tiketi. Video ya Homecoming ni mjukuu halali wa ukoo huo. Wanaoitazama kama usaliti wanaukumbuka usafi ambao haukuwapo.

Vitabu vile vya Vaughan vina jambo linalotuhusu. Viliandikwa kwa nota zenye maumbo: pembetatu, duara, mraba na kadhalika, kila umbo likisimama kwa do, re, mi mpaka ti. Mkulima asiye na piano wala mwalimu wa kudumu alihudhuria shule ya uimbaji ya wiki chache, akatoka akiweza kusoma sauti yake. Sasa fikiria sol-fa iliyoletwa kwetu na wamisionari, ile ya herufi na nukta mbili iliyochapwa kwenye vitabu vya kwaya na kuandikwa kwa chaki ubaoni kuanzia Bukoba hadi Mbeya. Njia mbili tofauti, moja ya Marekani na nyingine ya Uingereza, kwa tatizo lilelile: kuwafundisha sauti nne watu wasio na ala. Ndiyo maana mwanakwaya wa Kitanzania akiwatazama hawa wazee wa Tennessee na Georgia hababaiki. Anaijua kazi inayofanyika. Anajua sauti ya pili inateseka wapi, na anajua kwa nini besi anachekelea.

Na nyimbo zenyewe nyingi anazifahamu. Wakianza ule ambao sisi tunauimba kama Bwana Mungu nashangaa kabisa, uliotokana na shairi la Msweden Carl Boberg la mwaka 1885, ataimba sauti yake kwa Kiswahili juu ya Kiingereza chao bila kukwama popote.

Kenya walitutangulia katika mapenzi haya, na si ajabu. Nchi iliyokuwa na wapenzi wengi wa Jim Reeves na Don Williams ilikuwa nusu ya njia tayari. Leo sauti ya Lynda Randle, mwanamke mwenye sauti nzito tulivu aliyejulikana kupitia Homecoming, inasikika matangani na kwenye redio za Jumapili huko Kenya kama sauti ya mtu wa nyumbani. Wimbo wake maarufu, wa Mungu wa mlimani ambaye ndiye Mungu wa bondeni pia, si wake kwa asili. Ni wa Tracy Dartt, wa miaka ya 1970, na makundi ya Kusini yaliuimba kabla yake. Ila ukiangalia rekodi yake utaelewa kwa nini huku kwetu ulimganda yeye. Hachezi, hainui mikono, hausukumi wimbo. Anasimama, anausimulia. Nyuma yake wanaonekana wenzake wamekaa wametulia, na kwenye msiba mtu anahitaji kuonyeshwa watu waliotulia.

Randle ni Mmarekani Mweusi, na hapo ndipo video hizi zinaponipa kazi ya ziada. Hesabu nyuso kwenye mistari ile ya viti. Karibu zote ni za Wazungu. Alikuwapo Jessy Dixon, mwimbaji wa Chicago aliyezunguka dunia na Paul Simon miaka ya 1970 kabla ya kuja kwa Gaither. Akisimama yeye, chumba kizima kilibadilika mwendo. Wapo wengine wachache. Lakini muziki wenyewe umejaa mikono isiyoonekana vitini. Wimbo wa bonde la amani, ambao Elvis aliuimba kwenye televisheni Januari 1957 na ambao makundi ya Kusini yameufanya wao, uliandikwa na Thomas A. Dorsey, Mweusi, kwa ajili ya mwimbaji wa injili Mahalia Jackson. Makundi ya Weusi ya sauti nne, kama Golden Gate Quartet na Fairfield Four, yalikuwa na ufundi ambao Wazungu waliusikiliza kwa makini. Na katika miaka ileile ya 1950 ambayo wazee hawa wanaisimulia kwa machozi ya furaha, sheria na desturi za Kusini ziliwatenga Weusi kwenye kumbi, kwenye mabasi na kwenye vyoo vya vituo vya mafuta.

Kwenye video hadithi za safari ni nyingi: basi liliharibika, mhubiri aliwasahaulisha chakula, bi harusi alichelewa. Hizo nyingine, za kutengwa, hazisimuliwi. Sisemi tuzime video. Mimi siizimi. Ila mtu akiambiwa anarudishwa nyumbani, ana haki ya kuuliza nani alifungiwa nje wakati huo, na Dixon akiinuka kuimba mimi huwa natazama nyuso za waliokaa kwa umakini kuliko wakati mwingine wowote. Nyingi zina furaha ya kweli, na kamera inapenda kutuonyesha hizo. Mhariri ndiye anayechagua uso upi tuuone. Tusisahau hilo hata tukiburudika.

Kuna jingine linalofanywa na rekodi tu, nalo linazidi kukua mwaka hadi mwaka. Waliomo wanakufa. Payne alifariki Oktoba 1999, miezi michache baada ya Cathedrals kurekodi tamasha lao la kuaga pale Ryman, ukumbi ambao ulijengwa mwaka 1892 kama nyumba ya mahubiri na bado una mabenchi ya kanisa. Howard Goodman alifariki 2002, Vestal 2003, Hess Januari 2004, Younce 2005. Mpiga piano Anthony Burger aliungua mikono vibaya akiwa mtoto mchanga, madaktari wakadhani haitamfaa kitu. Alikufa Februari 2006 akiwa na miaka 44, akipiga piano mbele ya watu kwenye safari ya meli ya Homecoming. Ukijua hayo, vidole vyake kwenye kanda za miaka ya 1990 huvitazami tena kama mapambo ya pembeni. Tena nyimbo zao nyingi ni za kufa na kuvuka, zilizoimbwa na watu waliokuwa wakitaniana kuhusu nani atatangulia. Tamasha la kuhudhuria mwenyewe haliwezi kukupa hilo. Lazima miaka ipite na kanda ibaki.

Sasa turudi kwetu, maana lawama yangu kubwa iko hapa. Tumekuwa na video za injili kwa muda mrefu, na kwaya zetu zina sauti ambazo Nashville ingezililia. Ambassadors of Christ wa Kigali walipotoa Kwetu Pazuri, hakukuwa na basi la mikoani ambalo halikuucheza. Lakini namna tulivyozoea kutengeneza video ni hii: sauti zinarekodiwa studio, kisha siku nyingine kwaya inapangwa bustanini, ufukweni au kwenye ngazi za jengo la kifahari, wote wanayumba kushoto na kulia huku wakifungua vinywa juu ya sauti iliyokwisha kurekodiwa. Nguo zimeshonwa vizuri, maua yapo. Hakuna anayemsikiliza mwenzake, kwa sababu hakuna cha kusikiliza.

Siku hizi rekodi za mubashara zimeenea, na hilo ni la heri. Ila pesa nyingi zinakwenda kwenye taa, moshi na kamera inayoruka juu ya vichwa vya watu. Kiongozi wa wimbo anaonekana kwa karibu mpaka jasho. Waimbaji wake wa nyuma ni vivuli. Ningependa kwaya moja kongwe, ya Kilutheri, ya AIC au ya Wasabato, iwakusanye wanakwaya wake wa miaka ya 1970 na 1980 ambao bado wako hai, iwakalishe kwenye viti na vijana wao kwenye chumba kimoja, bila plebeki, na mpiga picha mmoja aambiwe kazi yake ni kuwatazama wasioimba. Gharama yake ni ndogo kuliko ya moshi. Nao Wamarekani wasitupe mafunzo ya usafi wa sauti, maana makundi yao mengi leo huimba juu ya ala zilizorekodiwa, na mengine huongeza hata sauti za kurekodi ili wanne wasikike kumi. Mashabiki wao wamebishana kuhusu hilo miaka mingi na hawajamaliza.

Kwa anayetaka kuanza wikiendi hii: video nyingi zipo YouTube, bure, ukiwa na bando. Usizitazame kwa spika ya simu. Spika ya simu haina uwezo wa kutoa sauti za chini, kwa hiyo besi wote niliowasifu hapa watatoweka, utabaki na watu watatu na mtu wa nne anayechezesha midomo. J.D. Sumner, ambaye noti zake za chini ziliingizwa kwenye kitabu cha rekodi cha Guinness, kwenye simu ni mzee mrefu anayefungua kinywa. Tumia earphone, au unganisha na ile sabufa ya sebuleni ambayo imezoea singeli, uipunguze kidogo, umsubiri Younce ashuke.